Kadi za ahadi zinasema "mnada wa pili", safari ni Julai

Bwana Yesu asifiwe, mhariri na wasomaji.

Sisi ni kamati ya misheni ya kanisa moja hapa Masasi. Wiki ya mwisho ya Julai tuna safari ya siku sita kwenda vijiji viwili vya Liwale, mkoani Lindi. Ni watu 14: wanakwaya, wainjilisti wawili, muuguzi na mpishi. Kinachotukwamisha ni pesa, na si kwamba watu hawataki kutoa. Wameahidi vizuri tu, ila ahadi zenyewe bado ziko juu ya mikorosho.

Bajeti iko hivi. Kukodi Costa (basi dogo) kwenda na kurudi 1,000,000, chakula 480,000, Biblia 30 kwa 15,000 kila moja, 450,000, jenereta, spika na petroli 150,000, vyandarua na sanduku la huduma ya kwanza 120,000. Tukiongeza asilimia 10 ya dharura inafika 2,420,000. Kila msafiri ameshatoa 50,000, yaani 700,000. Iliyobaki, 1,720,000, yote imeahidiwa. Iliyolipwa mpaka leo ni 390,000.

Kadi za mchango tulizigawa Machi. Zina nafasi tatu: jina, kiasi, tarehe ya kulipa. Katika kadi 29 kati ya 43, penye tarehe pameandikwa "korosho" au "korosho zikitoka", na mmoja kaandika kwa penseli "mnada wa pili". Minada ya korosho huanza Oktoba. Sasa ni Mei, watu wanajiandaa kupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na hata aliyepata salfa ya ruzuku lazima atafute petroli na kukodi mashine. Ukimwandama mtu wa namna hiyo na kadi mkononi, Jumapili inayofuata humwoni ibadani. Wenye ufuta, ambao minada yao huwahi, ni wachache kwetu.

Mtasema tusogeze safari hadi Novemba. Tumeliwaza. Wakati huo wenyeji wako chini ya mikorosho wanaokota tangu alfajiri, hakuna wa kukaa kusikiliza semina. Mvua nazo zinakaribia, na njia ya Nachingwea kwenda Liwale sehemu kubwa ni vumbi. Ikilowa, gari linalala porini na bajeti ya chakula inakwisha kabla hamjafika.

Kuna mfanyabiashara amejitolea kutupa 1,000,000 taslimu sasa, kisha Oktoba wenye ahadi wampe korosho ghafi kwa bei tutakayopatana leo. Baadhi ya wajumbe wamefurahi. Wengine tunaona hiyo ni kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho, iliyovalishwa joho la kwaya: korosho inauzwa nje ya chama cha msingi cha ushirika na mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa bei ambayo mnada ukipanda itawauma waliotoa. Na ikikamatwa, linalotajwa ni kanisa.

Njia nyingine ni kupunguza msafara uwe wa watu wanane, tupande basi la abiria na spika ziende kama mzigo. Nauli na mzigo tunakadiria 400,000, chakula kinashuka hadi 275,000, na Biblia tukichukua 10 tu, jumla pamoja na dharura ni kama 1,205,000. Sita wanaobaki wakirudishiwa chao, mkononi tuna 790,000. Pengo ni 415,000, na hilo linatafutika. Lakini kwaya ya watu wanne si kwaya, na wenyeji wameshatangaza kwaya.

Chakula tusishauriwe kukipunguza. Wali milo sita na ugali milo sita kwa watu 14 ni mchele kilo 13, unga kilo 17, na maharage kilo 9 ya kulia. Usipobeba, wenyeji watachinja kuku wao wote kwa heshima ya mgeni, na ukiondoka umewaachia njaa. Barua za mtendaji wa kijiji na polisi zimeshakwenda, na ya Mganga Mkuu wa Wilaya imeambatana na leseni ya muuguzi, maana bila hiyo hata kupima presha haruhusiwi. Majirani wengi kule ni Waislamu. Spika tutazima wakati wa adhana.

Tunachoomba kwenu mliokwisha kupitia haya: je, kuna kanisa lililokusanya msimu wa korosho kwa ajili ya safari ya Julai inayofuata, na pesa ikakaa salama miezi minane? Sasa hivi michango inaingia kwenye simu ya mhazini, inachanganyika na ada za watoto wake, na kila kutoa kuna makato. Tunafikiria akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, lakini hatujui kama mtu aliyechangia Novemba atavumilia hadi Julai bila kuuliza pesa yake iko wapi kila Jumapili.

Na kwa mwaka huu, twende wanane, au tukope kikoba kwa riba twende wote 14? Mwenye Costa anataka advansi ya nusu kabla ya tarehe 15 Juni.

Kamati ya Misheni,
Masasi, Mtwara