Sudi, kadi usiirudishe kwanza

Tanga, mwishoni mwa Agosti 2025

Ndugu yangu Sudi,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, shemeji na watoto wazima. Sisi huku Ngamiani hatujambo, joto tu na umeme wa kuja na kuondoka, cherehani inasukumwa hivyo hivyo. Mama anakusalimu sana, anasema ile dawa ya miguu ilimfikia, Mungu akuzidishie ulipopunguza. Salamu zimeisha.

Sasa niambie, ndiyo umeamua? Tangu ule ujumbe wako wa sauti wa usiku wa manane, ule wenye pumzi nyingi kuliko maneno, simu yangu hupokei. Meseji unasoma, hujibu. Nimempigia Fundi Rama, kaniambia uko mzima na kazini unaonekana, ila watu wakianza habari za mpira unahamisha kiti. Ndiyo nikaona nikuandikie kwa kirefu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

"Mpira basi, kadi nairudisha Msimbazi." Maneno yako hayo. Kadi ya uanachama wa Simba, Sudi! Kisa nahodha wetu Tshabalala kavaa kijani cha Yanga.

Haya, na tumzungumze Tshabalala.

Kwanza neno "msaliti" liweke pembeni. Yule mtoto katoka Kagera Sugar 2014. Unaikumbuka Simba ya 2014? Ubingwa wa mwisho tulikuwa tumeuchukua 2012, na mwingine hatukuugusa mpaka 2018. Azam kachukua, Yanga kachukua mara tatu mfululizo, sisi tunakwenda uwanjani kwa mazoea tu. Wachezaji wangapi walipita pale katika miaka hiyo hata majina hatuwakumbuki? Yeye alibaki. Akaja kuchukua ubingwa mara nne mfululizo, akapokea kitambaa, akacheza na waarabu wote wanaotisha Afrika hii. Miaka 11 ubavu wa kushoto ni wake. Mtu kama huyo mkataba ukiisha akaenda anakotaka, usaliti uko wapi? Mkataba si ndoa, Sudi. Na hata ndoa wewe unajua yaliyompata Shaa.

Najua utaniambia angeenda Azam, angeenda Singida, angeenda hata Uarabuni, lakini si Jangwani kwa Yanga. Hapo sibishi. Hata mimi iliniuma, tena iliniuma vibaya. Ila nakuuliza, nani kati yao hajavuka ile barabara? Okwi alivuka na akarudi tukamshangilia kama hajawahi kutoka. Ajibu alivuka 2017, akarudi 2019. Yondani alivuka, hakurudi. Hata msemaji! Manara 2021 alikuwa anatutukania Yanga asubuhi na jioni, mwezi uliofuata kahamia kwao na mdomo ule ule. Na Mbuyu Twite je, 2012? Tumeshamhesabu wetu, tumeshamgombania vijiweni, mtu anaibukia Yanga kavaa jezi yao imeandikwa mgongoni RAGE, jina la mwenyekiti wetu! Mimi siku ile nilikasirika, leo nikikumbuka nacheka peke yangu mpaka wateja wananishangaa.

Halafu Chama. Mwaka jana tu, Julai mosi, Mwamba wa Lusaka katambulishwa Yanga, wewe huyo huyo ulisema Simba imekwisha. Imekwisha? Msimu huo huo tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ahoua, ambaye hata kulitamka jina lake ulikuwa huwezi, kamaliza na mabao 16, mfungaji bora wa ligi. Kipa Camara katoa penalti za Al Masry pale uwanja wa Mkapa, wewe ndiye uliyenipigia unalia. Ni kweli kwenye fainali Berkane walitupiga mbili kwao Moroko, na Amaan Zanzibar ile sare ya moja moja haikutosha, na kadi nyekundu ya Kagoma bado inanikaa hapa kooni. Lakini tulifika. Bila Chama.

Kwa hiyo mchezaji kuondoka si msiba. Ndiyo maana nasema hasira yako umeielekeza kusiko. Ngoja nikueleze ya kwangu ilipo.

Wiki ile kaja kijana wa hapa Makorora, mtoto wa yule muuza mihogo, kaleta jezi yake nyekundu nimtolee jina mgongoni. ZIMBWE JR, jina jingine la Tshabalala, herufi nyeupe za kubandika. Kazi ile inataka subira. Unaweka karatasi juu, unapitisha pasi ya moto, gundi ikilainika unaanza pembeni kwa ncha ya wembe, taratibu, usichane kitambaa. Nimetoa Z, nimetoa I, kijana kasimama anaangalia kama anatolewa jino. Nikamaliza. Jina halipo, lakini ukiinua jezi kwenye mwanga unalisoma vizuri tu, kwa sababu kitambaa pembeni kimepauka na jua na chini ya herufi kimebaki chekundu kile kile cha mwanzo. Kaniuliza, "Fundi, hii itatoka?" Nikamwambia ifue.

Kesho yake, wallahi sikudanganyi, anaingia Mwalimu Ngoda, yule Yanga wa kufa, anataka herufi zile zile nimbandikie kwenye jezi yake ya kijani. Anasema kuchapisha mpya ni gharama, na jina si ni lile lile! Nilimfukuza na futi mkononi. Karudi jioni kuniletea chai.

Lakini nilipokuwa natoa zile herufi ndipo akili ikanijia. Tunachogombana nacho kila dirisha la usajili ni wachezaji wa kigeni. Nani katua uwanja wa ndege, nani kapokewa saa nane za usiku, chuma gani kimeshushwa, galasa gani limeletwa. Kanuni ya ligi inasema wageni mwisho 12. Maana yake kila anayeingia, kuna mwenzake anapewa mkono wa kwaheri, na ndiyo hii kamatakamata ya kila mwaka: leo Ngoma kwaheri, kesho Che Malone kwaheri. Sawa, hiyo ni hesabu, wageni wanaingia na kutoka. Lakini Tshabalala ni mzawa, Sudi! Hakuwa anakalia nafasi ya mtu! Beki wa kushoto wa timu ya taifa, nahodha, anajua kila kona ya klabu, na kwenye ile hesabu ya 12 hakuhesabiwa hata kidogo. Mchezaji wa namna hiyo ndiye wa kwanza kukalishwa kitako mezani, kabla hujatuma mtu Abidjan wala Lusaka.

Na mkataba una tarehe. Haukuisha kwa ghafla kama gesi ya jikoni. Mchezaji akibakiza miezi sita, sheria inamruhusu kuzungumza na klabu nyingine, na kila kiongozi wa mpira nchi hii anajua hivyo. Sisi wakati huo tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunaimba Ubaya Ubwela, kauli mbiu yetu. Mimi na wewe pia, usinikonyeze.

Waangalie watani zetu Yanga. Sipendi kuwasifia, mkono wenyewe unakataa kuandika, lakini waangalie. Ubingwa mara nne mfululizo, watu wanazungumza Aziz Ki, wanazungumza Pacome, kabla yake Mayele. Haya, Mayele kaenda Pyramids, Aziz Ki kaenda Wydad, timu imeanguka? Haikuanguka, kwa sababu nyuma kuna Job, kuna Bacca, katikati Mudathir, mbele yule mtoto Mzize. Wazawa. Wageni wanabadilika juu, msingi umekaa pale pale. Sasa wamechukua na beki wetu wa kushoto wakaujazia msingi huo huo. Hilo ndilo linaloniuma, si rangi ya jezi.

CHAN hii si umeiona? Mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani tu, mgeni hana pa kujificha. Mechi ya kwanza ya Taifa Stars na Burkina Faso, bao la pili kaweka nani kwa kichwa? Tshabalala! Pale kwa Mkapa! Mimi nilirukia juu kibandani nikamwagia mtu soda, nikiwa hewani ndipo nikakumbuka sijui nishangilie au ninune. Kapombe naye akatutoa roho dakika za mwisho na Mauritania, wetu huyo, nilipumua. Mzize mawili na Madagascar. Halafu Moroko wakatufungia mlango robo fainali, moja bila, kama kawaida yao. Wewe ulishangilia lile bao la kichwa? Sema kweli, hapa hatusikilizwi.

Sisemi usajili wetu wa mwaka huu ni mbaya. Sowah mimi namkubali, yule Mghana nusu msimu tu pale Singida kawatoa jasho mabeki wote wa ligi. De Reuck katoka Mamelodi, si mtoto. Kushoto tumeleta yule kijana Mligo kutoka Namungo, mzawa, na hilo nimelipenda kuliko yote, ila mtampa muda? Akipitwa mara moja siku ya dabi si ndiyo mtaanza kumwita galasa? Mzee Chande kishaanza, na kijana hata mechi hajacheza. Tena Mzee Chande anasema tungemchukua Conte, yule Mguinea, kwenye kiungo. Nikamwambia mzee wangu, Conte kishatua Jangwani zamani, wewe bado unamsajili hapa kwenye bao? Kanuna, kanifunga kete tatu za hasira.

Aishi Manula naye kaenda, karudi Azam alikotoka. Hilo hukulisema hata kidogo kwenye ujumbe wako. Kipa wa mataji yote yale kaondoka kimya kimya, hakuna aliyechana kadi. Kwa nini? Kwa sababu hakwenda Yanga. Sasa unaona, tunampima mtu kwa alikokwenda, alivyotutumikia tunasahau... Ah, basi, nitaanza kuhubiri na shemeji atasema barua za fundi zina khutba.

Nirudi kwenye kadi. Kadi yako ile ni ya zamani kuliko mtoto wako wa kwanza. Ukiirudisha, kwenye mkutano mkuu nani atanyanyua mkono aulize haya ninayokuandikia? Mimi niko Tanga, tawi letu huku likipeleka mjumbe wanampeleka yule yule anayelala kikaoni. Wewe uko Mbagala, una mdomo, na unajua kuuliza swali bila kutukana, ukitaka. Kama una hasira, nenda nayo mkutanoni. Waulize mikataba ya wazawa inaisha lini, mmoja mmoja, kwa majina. Kapombe unaisha lini? Kibu je? Mwaka jana tulishuhudia kizaazaa chake cha Norway, kasaini na sisi kisha tukasikia yuko ulaya, mpaka kurudi kwake tulishakonda. Hayo ndiyo maswali ya mwanachama. Ukikaa nyumbani na hasira zako atakusikia nani, kuku?

Na lingine, kwa kweli ndilo lililonifanya nikae niandike leo badala ya wiki ijayo. Simba Day, siku yetu ya kutambulisha kikosi kipya. Mwaka huu imesogezwa mpaka Septemba kwa ajili ya CHAN, na mimi kila mwaka nashukia kwako. Nimeshawaambia wateja dukani sitakuwepo, sare za shule nimezimaliza mapema, mkoba uko tayari. Sasa sijui nije au nisije, na nikija nitakaa sebuleni kwa mtu asiyetaka kusikia jina la Simba, tutazungumza nini usiku? Bei ya nyanya?

Nitapanda basi la asubuhi, nashuka Mbezi, nitajua mwenyewe namna ya kufika Mbagala, usihangaike na bodaboda wako yule wa mwaka jana. Shemeji mwambie nitakuja na samaki wakavu na machungwa ya Muheza, asinunue kitu.

Basi nijibu haya. Tiketi utakata za mzunguko au tujibane tukae pazuri mara moja? Fundi Rama anakuja? Ile bendera kubwa iko kwako au kwa Mama Asha, na panya hawajaila? Jezi mpya umeshanunua, na mgongoni unaandikisha jina la nani safari hii, maana mimi nasema mwandike Mligo, tumtie moyo mtoto? Tshabalala akishika mpira siku ya Ngao ya Jamii, sisi na Yanga, utamzomea? Mimi sitamzomea, nakwambia mapema ili usije ukanisukuma jukwaani. Mguu wa mtoto umepona? Na ile hela ya Shaa, kalipa au bado anakwepa?

Jibu kabla ya Ijumaa, mwenye basi hanisubiri.

Wako,
Fundi