Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: kikombe cha maji saa nne

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi huku Mbagala. Nakuandikia kuhusu kikombe.

Shuleni kwetu uji hunywewa saa nne, kwa mchango wa wazazi. Yupo binti wa darasa la tatu ambaye mama yake, muuza mihogo, hajaweza kulipa tangu shule ifunguliwe. Kila siku anakuja na kikombe chake. Kengele ikilia anakitoa kama wenzake, anakwenda nacho bombani, anakijaza maji, kisha anarudi kukaa na wanaokunywa uji. Hakuna anayemfukuza. Mwalimu mkuu anaujua vizuri Waraka Na. 5 wa 2015, ule wa elimu bila malipo, na hamrudishi mtoto nyumbani kisa mchango. Ila waraka haupikiki.

Ruzuku ya serikali kwa shule nayo inahesabu vichwa tu. Kiwango cha msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kile kile cha enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002. Hapo 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Zile 6,000 ukizigawa kwa siku 194 za masomo, ni kama shilingi 31 kwa siku: chaki humo, karatasi za mitihani humo, ukarabati humo. Andazi tu hupati. Mtoto wa Masaki, kwa wenye nacho, anahesabiwa hizo hizo, lakini kule wazazi wakichangishana WhatsApp usiku, asubuhi jambo limekwisha. Kwetu kikao huishia kwenye ahadi.

Naomba liongezwe fungu juu ya ruzuku kwa kila mwanafunzi anayetoka kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, liingie akaunti ya shule. Orodha mnayo, na mahudhurio ya watoto hao mnayafuatilia tayari. Najua kwenye orodha hiyo wapo waliosahaulika, na wapo waliopenya kwa kujuana. Hilo tutagombana nalo mtaani. England wanaziongezea shule fedha za namna hii tangu 2011, wakianzia kwa watoto wanaostahili chakula cha bure. Sisemi tuige kila kitu chao, maana hata uji hawaujui.

Sharti langu ni moja: majina ya watoto hao yasisomwe mstarini. Yabaki kwa mwalimu mkuu.

Wako,
Mjumbe wa kamati ya shule, Mbagala