Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote wa chama chetu cha wakulima wa ngano, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mbegu tulinunua kwa pamoja, kombaini ilikodiwa (ikachelewa siku tisa, niliomba radhi wakati ule), mafunzo ya kunyunyizia dawa yalifanyika mara mbili. Mapato sh 412,000, matumizi sh 389,500, ada ambazo hazijalipwa sh 96,000. Mhazini atafafanua.

Nije kwenye jambo linalonong'onwa hadi matangani: jina la ghala. Kamati, kwa kura 5 dhidi ya 2, iliamua liitwe Ghala la Borlaug, na kibao kikatugharimu sh 14,500. Tangu hapo naambiwa nimeuza chama kwa mzungu. Mmoja wenu alinisimamisha pale kwenye kinu cha unga: "Mwenyekiti, huyo babu alikuwa na shamba wapi hapa Njoro?"

Shamba hakuwa nalo. Norman Borlaug, Mmarekani, alifika Meksiko mwaka 1944 akakuta kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoua ngano, imewamaliza wakulima. Akakusanya mbegu za kila pembe azizalishe pamoja, na kati ya zilizomfaa sana zilikuwamo za Kenya, nchi ambayo utafiti wake wa ngano ulianza baada ya kutu kuteketeza mashamba ya mlowezi Delamere hapahapa Njoro. Moja ya ngano zake aliiita Kentana, yaani Kenya na Mentana, ngano ya Kiitaliano. Kwa hiyo damu yetu imo humo.

Hukohuko Meksiko alipanda misimu miwili kwa mwaka, mmoja nyanda za juu za Toluca, mwingine Sonora, chini karibu na bahari. Wakubwa wake walimkataza, akaandika barua ya kujiuzulu, mwisho wakamwachia. Ngano iliyostahimili safari hizo ikawa haijali urefu wa mchana. Baadaye akaingiza jeni za ufupi kutoka Norin 10, ngano fupi ya Kijapani, na bua likaacha kulala hata likitiwa mbolea nyingi. Mwaka 1970 akapewa Nobeli ya Amani. Sijilinganishi naye, ila kupingwa na wenzako kwa jambo jema nakujua.

Halafu kutu ya Ug99, iliyoonekana Uganda mwaka 1998, ikaishinda Sr31, jeni iliyokuwa ikilinda ngano ya nchi nyingi. Mwaka 2005, mzee wa miaka 91, ni yeye aliyepaza sauti dunia ikasikia, na ngano za mataifa mengi zikaanza kuletwa Njoro kupimwa. Ile ngano ya Robin tuliyoisifu ilitolewa kwa ajili ya vita hivyo, na mwaka 2014 nayo ikapigwa na kutu ya aina nyingine. Msimu uliopita nilikatiza shambani kwangu asubuhi, suruali ikarudi nyekundu hadi magotini. Aliyeona hivyo hahitaji kuelezwa kibao ni cha nini.

Waliotaka jina la marehemu mwasisi wetu siwalaumu. Lakini mkutano wa kujadili majina walikuja watu 11 kati ya 68, na wanne walikuwa wamefuata chai. Rangi ya kukipaka kibao mara ya pili niliinunua mwenyewe, na pesa zangu sijazidai hadi leo.

Kuhusu ada: wanachama 32 wanadaiwa sh 3,000 kila mmoja. Baadhi yao ndio wanaosema sana kuhusu kibao.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata kipimo cha unyevu, kuwaomba wataalamu watufanyie siku ya shambani, na kuanza kufikiria kombaini yetu wenyewe. Tarehe zitatangazwa. Kibao kitabaki pale hadi mkutano wenye akidi uamue vingine.

Mwenyekiti wenu.