Si kodi iliyoua magari ya fahari ya Ufaransa

Mhariri,

Kila kunapotajwa kufa kwa kampuni za magari ya fahari za Ufaransa, lawama hutupiwa stika ya kodi ya magari iliyoanza mwaka 1956. Tarehe zenyewe zinakataa. Delage ilifilisika mwaka 1935, ikachukuliwa na Delahaye. Hispano-Suiza iliacha magari mwaka 1938 ikabaki na injini za ndege. Delahaye nayo ilimezwa na Hotchkiss mwaka 1954, miaka miwili kabla stika hiyo haijabandikwa kwenye kioo chochote.

Kodi ilichangia, hilo sibishi. Magari yalikuwa yakitozwa kwa nguvu farasi tangu kabla ya vita, na Talbot-Lago T26 ya lita 4.5 ilibeba hesabu hiyo kwenye jina lake: farasi 26 wa kodi. Baada ya vita ukaja mpango wa serikali ulioitwa Pons, uliogawa chuma na kuamua nani aunde nini. Waundaji wadogo wa magari makubwa wakaachiwa makombo. Lakini ugonjwa wenyewe ulianzia karakanani.

Kampuni iliuza chasisi, yaani fremu ya chini ya gari, na injini tu. Mteja akaipeleka kwa fundi wa bodi, tuseme Chapron, Saoutchik au Figoni et Falaschi, aliyejenga kiunzi cha mbao kisha akakivika mabati yaliyogongwa kwa mkono. Yalipendeza mno! Ila mlango wa gari moja haukuingia kwenye jingine, na aliyesanifu chasisi hakujua itabebeshwa uzito gani. Delahaye 175, ya lita 4.5, iliumbuka hapo. Mbele ilifungwa saspensheni ya Dubonnet, ambayo springi yake hukaa ndani ya kasha la mafuta lililozibwa. Mafuta yakivuja, gurudumu hudunda ovyo. Na chini ya bodi nzito, vyuma vyenyewe vilikatika. Wakati huo Citroën ilikuwa imeshaachana na chasisi tangu Traction Avant ya 1934, ambayo bodi yake ya chuma ilijibeba yenyewe.

Injini nazo zilizeeka. Delahaye 135 ya 1935 ilitumia silinda sita za lita 3.2, baadaye 3.5, zenye asili ya lori, imara na zisizo na makuu. Mwaka 1951 ilipotoka Delahaye 235, injini ilikuwa ileile ya lita 3.5, imekamuliwa hadi farasi 152. Matoleo ya kwanza yalikuwa bado na breki za waya, na usukani ulikuwa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Mnunuzi wa Marekani angehangaika nayo ya nini, wakati Jaguar XK120 ya Uingereza ilikuwa na kemshafti mbili (vyuma vinavyofungua vali za injini), breki za haidroli, usukani kushoto na bei ya chini zaidi? Delahaye 235 zote zilizoundwa hazikufika 100.

Facel Vega ya Jean Daninos, iliyoanza mwaka 1954, ilijifunza nusu ya somo: ilinunua injini za V8, za silinda nane, kutoka Chrysler ya Marekani, zikatembea bila matatizo makubwa. Kisha ikataka Facellia ndogo yenye injini ya Kifaransa, lita 1.6, kemshafti mbili, kutoka kampuni ya Pont-à-Mousson. Pistoni zikaungua, magari yakarudishwa chini ya dhamana, na fedha za kampuni zikaishia huko. Mwaka 1963 Facel III ilipewa injini ya Volvo na gari likatulia, lakini wateja walikuwa wameshaondoka. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa.

Fundi wa magari ya kale