Kwa mdogo wangu: kuhusu ile chumvi uliyoimwaga

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umepata shamba lako, na msimu huu unakata nyasi zako mwenyewe. Nimefurahi, tena sana. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hapa ninapojua unapita. Anayetaka kusoma naye asome.

Usingoje nyasi zikomae. Zikirefuka zinadanganya macho, mtu akaona mzigo mkubwa akadhani ndiyo mavuno. Kata zinapoanza kuchanua, kwa sababu zikishafunga mbegu bua linakuwa gumu, na ng'ombe anajaza tumbo bila kupata cha maana. Lusini, ile mimea ya malisho ya jamii ya kunde, ndiyo ya kuchunga zaidi. Nguvu yake iko kwenye majani, na yakikauka kupita kiasi yanapukutika ukiyagusa tu. Igeuze asubuhi, umande haujaisha wote. Hili ulilijua kuliko mimi. Baba alikuwa akiacha kazi yake akakutazama ulivyokuwa ukiivuta reki, halafu ananiambia, "Umemwona mwenzio?" Sikuwahi kukuonea wivu kwa hilo, ingawa ulipenda kusema hivyo.

Sasa kukausha. Hapa nakuomba unisikilize, maana hapa ndipo ulipokataa kunisikiliza.

Nyasi zikitoka kukatwa zina maji kama asilimia 75 au 80. Usifunge robota kabla hayajashuka chini ya 20, na yakifika 15 ndiyo utalala usingizi. Kwaruza bua kwa ukucha: ganda likibanduka, bado bichi. Au tumia chupa, kama tulivyofundishwa. Katakata nyasi, zitie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikibaki chembechembe, ingiza ghalani. Ikishikana, acha.

Siku ile ilishikana. Niliinua chupa mpaka usawa wa macho yako, ukaiona imeganda kwenye kioo upande mmoja. Ni kweli mawingu yalikuwa yameshafunga. Watu waliokuja kutusaidia walikuwa wamesimama na uma mikononi, wakingoja neno la mmoja wetu. Nikasema hatuingizi, tulundike na tufunike turubai. Ukaninyang'anya chupa, ukafungua kifuniko taratibu kabisa, ukamwaga ile chumvi na vipande vya nyasi juu ya miguu yangu, mbele ya mama. "Baba amekufa, kwa hiyo sasa baba ni wewe?" Kisha ukashika njia. Hukuacha hata mkono mmoja wa kushika ncha ya turubai, na upepo ulikuwa unalipeperusha. Mama ndiye aliyelishika. Mama, kwa umri ule.

Mvua ilinyesha, na nyasi nyingi zilioza. Kiangazi kile tulilisha ng'ombe kwa kukopa. Hayo unawasimulia watu, nami siyakani. Usichowasimulia ni kile ambacho kingetokea ghalani. Hei, yaani nyasi za kukausha za malisho, ikishindiliwa mbichi haitulii. Vijidudu vinaanza kuila, vinatoa joto, na joto lile halina pa kutokea. Likipita nyuzi 70 rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti, hata wiki kadhaa baada ya kuingizwa, usiku, watu wamelala. Ghala letu limegusana na banda la ng'ombe, na dirisha la chumba cha mama linatazama hapo hapo. Ulitaka nifanye nini? Nyasi huota tena. Hata leo ningeamua vile vile.

Na usipopata moto utapata ukungu. Lile vumbi jeupe linaloruka ukifumua robota lililofungwa bichi linaharibu kifua cha mnyama na cha mtu. Unakumbuka kikohozi cha baba cha miaka ile ya mwisho. Sisemi ndicho kilichomchukua, daktari hakusema hivyo. Nasema mimi ndiye niliyekuwa nikimwinua kitandani ili apate pumzi, na wewe ulikuwa mbali. Asiyekisikia kile kikohozi usiku hana haki ya kuniuliza kama najifanya baba.

Nimetoka nje ya nilichotaka kukuandikia.

Marobota yako usiyaweke juu ya udongo. Tandika miti au mbao chini, acha nafasi kati ya rundo na ukuta hewa ipite. Wiki za mwanzo chomeka fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache kidogo, kisha ichomoe uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, usilifumue rundo peke yako, na usipande juu yake. Hewa ikiingia ghafla, moto unaruka. Waite zimamoto kwanza. Nakusihi, mdogo wangu, kwa hili usishindane nami.

Sisi tutakata mvua ikitupisha. Uma wako upo, mpini niliubadilisha, na hakuna mwingine anayeutumia. Mama anauliza kila mwaka kama unakuja, nami nimechoka kumjibu kwa niaba yako. Njoo ufanye kazi. Ila neno lile ulilitamka mbele ya mama na mbele ya watu wa shambani, kwa hiyo ukija ulifute mbele yao, si kwa ujumbe wa simu.

Dada yako