Vitanda viwili vinatosha, nafasi nyingine iachiwe hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wanaojijengea mashua za matanga nyumbani, hasa zile za mita 5 hadi 6. Michoro mingi ya vyombo hivi huwekwa vitanda vinne. Kwenye karatasi vinaenea. Majini, watu wanne pamoja na maji, chakula, nguo na nanga ya akiba hawaenei, na hata wakibanana hakuna anayeweza kuketi wima. Jengeni vitanda viwili vya kweli, basi.

Kipimo cha kuanzia si cha kulala, ni cha kuketi. Mtu wa kimo cha kawaida anahitaji sentimita 90 hadi 95 kutoka juu ya godoro lililobonyea hadi chini ya sitaha. Pungufu ya hapo atakaa ameinamisha shingo, na siku ya mvua ya kutwa nzima hakuna atakayestahimili. Wengi hukimbilia kuinua paa. Paa refu hupigwa na upepo na huongeza uzito juu, kwa hiyo afadhali kiti kishushwe. Kiti kilicho sentimita 25 tu kutoka sakafuni hakichoshi mradi miguu ipate kunyooka, na uzito wa walioketi hushuka nacho, jambo linaloisaidia mashua nyepesi isilale sana upepo ukizidi.

Kitanda kiwe na urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 mabegani na 40 miguuni. Miguu inaweza kuingia chini ya viti vya nahodha huko tezini (nyuma ya mashua), lakini kwenye usawa wa magoti paachwe uwazi wa sentimita 50 juu ya godoro, la sivyo mlalaji hawezi kujigeuza. Kitanda kipana kupita kiasi ni starehe ya bandarini tu. Chombo kikienda mrama, mtu hubiringika usiku kucha. Kipande cha turubai chenye kimo cha sentimita 45, kilichokazwa chini ya godoro na kufungwa juu kwa kamba mbili, humshika mlalaji kuanzia bega hadi nyonga. Kitanda cha omoni (mbele ya mashua) kinafaa nanga ikiwa imetiwa. Safarini omo ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu nyingine yoyote, na anayelala huko hatapata usingizi.

Kabla ya kukata plaiwudi, tengeneza chumba kizima kwa maboksi ya karatasi ngumu, kwa vipimo halisi. Ingia, lala, geuka, vaa suruali, shika sufuria. Kosa linaloonekana hapo hurekebishwa kwa kisu. Likionekana baada ya gundi kukauka, hurekebishwa kwa msumeno.

Sasa unyevu, ambao kwa maoni yangu ndio unaowatoa watu mashuani kuliko mawimbi. Watu wawili waliolala hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku kwa pumzi na jasho. Jiko nalo limo: gramu 100 za gesi zikiungua hutoa zaidi ya gramu 150 za maji, yote yakielea chumbani kama mvuke. Mvuke huo hutafuta mahali pa baridi, napo ni ubavu wa mashua na ubao ulio chini ya godoro. Godoro likiwekwa moja kwa moja juu ya plaiwudi, asubuhi upande wake wa chini umelowa, na baada ya muda ukungu unaingia. Tumia papi (mbao nyembamba) zilizoachana sentimita 2 hadi 3, au toboa ubao matundu ya milimita 25 kila baada ya sentimita 12 hivi, kisha paka epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) hata ndani ya matundu, maana uozo huanzia kwenye kingo zilizokatwa. Ubao wenyewe usigundishwe. Ufungwe kwa skrubu ili uweze kung'olewa na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ikaguliwe. Maji yasiyo na chumvi ndiyo yanayoozesha mbao upesi, na maji ya mvuke ni ya aina hiyo hiyo.

Tundu moja la hewa halitoshi, kwa kuwa hewa haiingii mahali pasipo na pa kutokea. Yawe mawili, moja omoni na jingine tezini, yasiyozibika hata mvua ikinyesha. Mashua iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo kifuniko cha omoni kinachofunguka kuelekea mbele hukamata hewa bila feni.

Kuhusu jiko, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama kwenye ngama ikingoja cheche. Mtungi ukae nje ya chumba, ndani ya kasha lenye tundu chini linalotokea baharini. Jiko la spiriti lina moto dhaifu usioonekana vizuri mchana, lakini maji huuzima. Usiliongeze spiriti likiwa bado moto. Na usilale na moto wowote unaowaka chumbani, hata uwe mdogo namna gani.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Yawekeni kwenye madumu ya lita 10, chini, karibu na katikati ya chombo. Wawili wakiketi nyuma tezi huzama, na madumu yakiwa huko huko mashua huburuta maji na kupoteza mwendo. Dumu moja kubwa likipasuka, maji yote yamekwenda.

Jambo moja la hatari nimeliona kwenye vyombo vingi vya kujijengea. Mwenye chombo hukosa pa kuweka vitu, akakata milango kwenye vyumba vilivyofungwa vya kuelea na kuvijaza makopo. Chumba cha hewa cha lita 100 hushikilia karibu kilo 100 mashua ikijaa maji. Kikiwa na mlango unaovuja na makopo ndani, hakishikilii chochote. Vitu vyepesi vitundikwe kwenye nyavu kandokando ya ubavu, vizito vikae sakafuni vimefungwa kamba, na visivyopata nafasi vibaki nchi kavu.

Mjenzi wa mashua ndogo