Kichocho: tazameni mwendo wa maji, si weupe wake

Ndugu Mhariri,

Kila kichocho kinapoandikwa magazetini, maneno "maji machafu" hayakosi. Yanawapotosha wasomaji. Mtu anafika mferejini, anaona maji meupe yametulia, anaingia kufua bila wasiwasi. Kumbe hapo ndipo nyumbani kwa konokono anayelea vimelea vya kichocho.

Biomfalaria, konokono wa kichocho cha utumbo, na Bulinasi wa kichocho cha mkojo hawachagui maji kwa usafi tunaoujua sisi. Upungufu wa oksijeni, unaoua mabuu ya wadudu wengi wa mtoni, hauwasumbui sana kwa kuwa hupanda juu kuvuta hewa. Wanahitaji madini ya kalisi (kalsiamu) ya kujengea gamba, joto la nyuzi 22 hadi 26 hivi na, zaidi ya yote, utulivu. Maji yakizidi mwendo wa sentimita 30 hivi kwa sekunde, wanang'oka.

Kupima hakuhitaji mashine. Pimeni mita 10 za mfereji, tupieni ndimu, hesabuni sekunde. Ikichukua zaidi ya 33, maji yamelala. Lakini msipime katikati tu: maji hukimbia katikati huku pembeni, kwenye majani, yamesimama kabisa, na konokono anakaa pembeni. Geuzeni jani la yungiyungi mtaona mayai ndani ya ute mwangavu ulioganda. Biomfalaria ni bapa kama kamba iliyoviringishwa. Bulinasi, ukimshika ncha ya gamba juu na tundu likikutazama, tundu hilo liko kushoto kwako.

Skimu nyingi za mpunga husafisha mfereji ili maji yafike shambani, basi. Magugu ya katikati yanafyekwa, ya pembeni yanaachwa. Tope linalundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza inalirudisha mferejini pamoja na konokono waliomo. Saruji nayo si kinga tope likishajaa sakafuni. Konokono mmoja anaweza kujizalisha peke yake, mayai huanguliwa kwa wiki moja hivi, na baada ya mwezi au miwili watoto nao wanataga. Kusafisha mara moja kwa mwaka ni kuwapa likizo tu.

Fungeni lango la kuingizia maji mferejini siku 2 kabla ya kazi ya kusafisha. Vimelea vinavyoelea majini havivuki saa 48, na wasafishaji, wakiwa na buti, watakanyaga tope badala ya maji. Ng'oeni majani mpaka kingoni, tope lipelekwe mbali, juani. Kisha fukieni mashimo yaliyo chini ya maporomoko na kwenye midomo ya makalavati, maana lango likifungwa ndimo konokono wanamojihifadhi. Msitegemee ukavu peke yake: mayai na wachanga hunyauka upesi, lakini wakubwa hujichimbia topeni, na Bulinasi huweza kungoja mvua kwa miezi.

Wala msiinamishe ovyo mfereji wa udongo ili maji yakimbie. Udongo wa kichanga hubomoka, na kila shimo linalochimbika ni kidimbwi kipya.

Dawa wanazopewa watoto shuleni huua minyoo iliyomo mwilini; hazizuii maambukizi ya wiki ijayo. Kwa hiyo ratiba ya kufunga lango iende pamoja na ratiba ya dawa. Sasa hivi moja iko zahanati, nyingine iko kwa mgawa maji, na hawaulizani.

Mdau wa umwagiliaji,
Moshi